UZI: Soma muhtasari wa itifaki za njia kwenye swichi kabla hujagusa chochote

#1 FundiKonsoli

Wakuu, habari za jioni.

Nina jambo nimekaa nalo muda mrefu. Tunafika kwenye raki, tunachomeka kebo ya konsoli, na kitu cha kwanza tunachofanya ni kubadilisha mipangilio. Swichi hatujaiuliza inaendesha itifaki gani ya njia (lugha ambayo vifaa hutumia kuambiana mitandao ipo wapi), inaongea na nani, imejifunza njia ngapi. Tunaanza kumtibu mgonjwa ambaye hata jina hatujamuuliza.

Mimi mwenyewe nilifunzwa kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita tulibadilisha swichi ya jengo moja la ofisi. Ya zamani ilikufa, mpya ilikuwa Cisco ya tabaka la tatu (swichi inayoweza pia kufanya kazi ya ruta), na mipangilio tulikuwa tumeiandaa mezani siku moja kabla. Tukaiwasha, ghorofa zikaanza kuonana vizuri: aliye VLAN 10 (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile) anachapisha kwenye printa ya VLAN 20 bila shida. Ila seva za makao makuu hazipatikani kabisa.

Nikatuma ping (ujumbe wa kupima kama kifaa kinajibu) upande wa pili wa waya, 10.255.0.1. Inajibu, zote tano. Hapo ndipo tulipopotea. Tulijiaminisha kwamba waya ukiwa mzima basi kwetu kuko sawa, tatizo liko kwao. Saa nne nzima tumebadilisha SFP (kipande cha kuchomekea faiba), tumebadilisha faiba, tumeizima na kuiwasha swichi mara tatu, tumemsihi mwenzetu wa makao makuu aiwashe upya ruta yake. Akakataa, na alikuwa na haki. Watu wamekaa tu madawatini, wengine wakaruhusiwa kurudi nyumbani.

Mzee mmoja aliyetutangulia kazini ndiye aliyetuambia tuandike `show ip protocols` na tusome mpaka mstari wa mwisho. Ilitoka hivi (anwani nimezibadilisha):

```
Routing Protocol is "ospf 1"
  Router ID 10.255.255.7
  Number of areas in this router is 1. 1 normal 0 stub 0 nssa
  Maximum path: 4
  Routing for Networks:
    10.0.0.0 0.255.255.255 area 0
  Passive Interface(s):
    Vlan10
    Vlan20
    Vlan30
    Vlan99
  Routing Information Sources:
    Gateway         Distance      Last Update
  Distance: (default is 110)
```

Vlan99 ndiyo iliyokuwa mguu wetu wa kwenda makao makuu, na imo kwenye orodha ya intafesi (milango ya swichi) zilizonyamazishwa. Kwenye kiolezo tulikuwa tumeweka `passive-interface default`, tukasahau kuitoa Vlan99. OSPF, itifaki ya njia tuliyokuwa tunaitumia, ikinyamazishwa kwenye intafesi haitumi pakiti za salamu upande huo, na bila salamu hakuna ujirani. Ping inajibiwa kwa sababu ile ni anwani ya waya uleule, haihitaji OSPF hata kidogo. Na tazama chini: sehemu ya Routing Information Sources ipo tupu. Swichi ilikuwa inatuambia wazi kwamba hakuna mtu yeyote anayeipa habari za njia, tangu dakika ya kwanza.

Mstari mmoja wa `no passive-interface Vlan99`, na ndani ya dakika moja watu wako kazini.

Sasa niseme ninavyoisoma amri hii, maana wengi wanaitazama juu juu. Router ID naisoma kwanza, hiyo ni kitambulisho cha swichi na inatakiwa iwe ya kwake peke yake. Kisha mitandao inayotangazwa, kisha zilizonyamazishwa, kisha vyanzo vya habari. Safu ya Last Update ndiyo inayowachanganya wengi. Kwenye RIP, itifaki nyingine ya njia, ambayo hutuma jedwali lake kila sekunde 30, saa ya mwisho inatakiwa iwe chini ya hapo. Ukiona 00:02:40 jua chanzo hicho kimenyamaza, na ikifika sekunde 180 njia zake zitahesabiwa hazifai. OSPF ni kinyume. Yenyewe, mbali na salamu na kuhuisha taarifa zake kila dakika 30, haisemi kama hakuna kilichobadilika, kwa hiyo ukiona wiki tatu zimepita tangu habari ya mwisho, hiyo ni afya njema. Ukiona 00:00:04, ukarudia ukaona 00:00:02, kuna kitu kinapanda na kushuka huko ndani. Nimeshaona mtu anaishusha OSPF nzima mchana kweupe kwa sababu aliona "haijapata habari siku 12".

Nambari ya Distance chini kabisa ni ya kuaminiana: njia ileile ikiletwa na itifaki mbili, yenye nambari ndogo ndiyo inayoingia kwenye jedwali. Kwa Cisco, njia ya kuandikwa kwa mkono ni 1, BGP ya nje 20, EIGRP ya ndani 90, OSPF 110, RIP 120.

Karibuni tuchangie.

#2 BintiWaRaki

Asante mkuu, uzi umetulia. Mimi niko kwenye mafunzo ya CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco), nina maswali mawili.

La kwanza: kuna `show ip protocols summary`, hiyo ni tofauti vipi na ndefu? La pili: nina swichi ya kujifunzia, nimeweka anwani kwenye VLAN zote, nikiandika `show ip route` inaniletea "Default gateway is not set" na jedwali la ICMP lisilo na kitu. Sioni njia hata moja, hata zile zilizounganishwa moja kwa moja. Nimefuta nimeanza upya mara nne.

#3 FundiKonsoli

Dada, nianze na la pili maana hilo linaumiza wengi. Swichi yako bado haijaambiwa iwe ruta. Swichi nyingi za Cisco Catalyst za tabaka la tatu hutoka kiwandani zikiwa zimezimwa kazi ya kuelekeza njia, na maneno hayo uliyoyaona ndiyo lugha ya swichi iliyo katika hali hiyo. Ingia kwenye mipangilio uandike `ip routing`, halafu rudia. Utaona herufi C na L (njia zilizounganishwa moja kwa moja na anwani za swichi yenyewe) zimejaa.

Kuhusu la kwanza, ile fupi ni orodha ya michakato tu:

```
Index Process Name
0     connected
1     static
2     ospf 1
3     eigrp 100
```

Faida yake ni moja, na ni kubwa ukiwa kwenye swichi ya mtu mwingine: inakuonyesha nini kinaendeshwa humo. Ukiona OSPF na EIGRP zote mbili, simama. Uliza ni nani anayepeleka njia za hii kwenye ile, na kwa kipimo gani. Swichi za kurithi mara nyingi zina mchakato ambao hakuna aliyepo ofisini anayekumbuka ulianzishwa lini.

Na kama jedwali lako limefungwa ndani ya VRF (jedwali la njia lililotengwa ndani ya swichi ileile), amri hizi bila jina la VRF zitakuletea nusu ya ukweli. Andika `show ip protocols vrf` na jina lake. IPv6 nayo ina zake, `show ipv6 protocols` na `show ipv6 route summary`. Haionekani kwenye hizi za IPv4.

#4 Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Uzi mzuri sana, bwana. Niongeze upande wa BGP (itifaki ya kubadilishana njia kati ya mitandao ya wamiliki tofauti) kwa sababu huko ndiko nilikoshinda.

`show ip bgp summary` ina safu ya mwisho kulia iitwayo State/PfxRcd. Safu hiyo moja hubeba mambo mawili. Ukiona nambari hapo, kikao kimesimama, na nambari ni idadi ya njia ulizopokea kwa jirani huyo. Ukiona neno, kikao hakijasimama. Na neno linalodanganya watu kuliko yote ni Active. Kijana mpya anasoma Active anadhani mambo yako hai. La! Active maana yake swichi bado inahangaika kumpata jirani na haijafaulu. Nimeshapokea ripoti ya zamu ya usiku imeandikwa "BGP iko Active, kila kitu sawa" na mteja hana intaneti tangu saa sita usiku.

Idle (Admin) ni mtu amekifunga kikao kwa mkono. Idle (PfxCt) ni jirani amekutumia njia nyingi kuliko kikomo ulichoweka, swichi ikakata kikao kujilinda.

Halafu kuna nambari 0. Kikao kimesimama, saa ya Up/Down inasema wiki mbili, lakini njia zilizopokelewa ni sifuri. Hiyo usiipite. Ama jirani hakutumii kitu, ama kichujio chako mwenyewe kinazitupa zote mlangoni.

#5 Mdau_Tabora

Wakuu naomba msaada, nina tatizo hai hapa na naona uzi umefika wakati wake. Swichi kuu moja, matawi sita, OSPF eneo 0. Tangu wiki iliyopita tulipoongeza tawi la sita, mtandao wa tawi la tatu unapotea na kurudi. Unakuwepo nusu dakika, unapotea, unarudi. Na tawi jipya hivyohivyo. Matawi manne mengine hayana shida kabisa. Majirani wote kwenye swichi kuu wako FULL (ujirani umekamilika). Tumeshabadilisha waya wa tawi la tatu mara mbili, na jana tumeambiwa tununue swichi mpya.

#6 FundiKonsoli

Mkuu, usinunue kitu kwanza. Kwenye swichi kuu andika `show ip route summary` mara tatu, ukiacha sekunde 20 katikati, utuwekee mstari wa ospf tu. Halafu utuwekee `show ip ospf neighbor` yote.

#7 Mchangiaji_Mpya

Wakati tunamsubiri mdau wa Tabora: hii show ip route summary ina kazi gani hasa? Mimi huwa natumia `show ip route` ya kawaida nasoma yote.

#8 Kisauni

Ukiwa na njia 15 soma yote, hakuna shida. Ukiwa na 900 huwezi. Muhtasari hukuhesabia: zilizounganishwa ngapi, za mkono ngapi, za OSPF ngapi, na chini ya OSPF inachanganua za ndani ya eneo, za kati ya maeneo na za nje. Inakupa pia kumbukumbu inayotumika.

Na hesabu hiyo ina uzito kwenye swichi kuliko watu wanavyofikiri. Swichi hupitisha pakiti kwa kumbukumbu maalumu ya maunzi, TCAM, na nafasi zake zina mwisho. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la IPv4 la dunia nzima lilifika kikomo cha takribani njia 512,000, na vifaa vingi vya zamani vilivyokuwa vimepangwa kwa kikomo hicho, zikiwemo Catalyst 6500, vikalemewa. Intaneti ikayumba sehemu nyingi za dunia siku hiyo. Tena maunzi ya baadhi ya vifaa hivyo yalikuwa na nafasi ya kutosha: mgao wa TCAM ndio uliokuwa haujabadilishwa, na hilo lilihitaji amri moja na kuwasha upya. Aliyekuwa anatazama muhtasari wake kila mwezi aliiona siku hiyo ikija kutoka mbali.

Kwenye swichi ndogo za 3560 na 3750 tazama pia `show sdm prefer`. Itakuambia nafasi za njia ulizogawiwa ni ngapi.

#9 Mchangiaji_Mpya

Nimeelewa, shukrani. Na sisi wenye Huawei?

#10 FundiKonsoli

Huawei ni `display ip routing-table statistics` kwa hesabu, `display ospf peer brief` kwa majirani, `display bgp peer` kwa vikao. Juniper ni `show route summary`, `show ospf neighbor`, `show bgp summary`. Arista imefuata maneno ya Cisco karibu yote.

Tahadhari moja kwa wenye mchanganyiko wa kampuni: nambari za kuaminiana hazifanani. Kwa Cisco njia ya mkono (1) huishinda OSPF (110). Kwa Huawei OSPF ni 10 na njia ya mkono ni 60, kwa hiyo OSPF inashinda. Ukihamisha mipangilio kutoka Cisco kwenda Huawei neno kwa neno, ile njia yako ya mkono uliyoitegemea iwe ya kwanza itageuka kuwa ya akiba bila mtu kukuambia.

#11 Mdau_Tabora

Nimerudi wakuu. Mara tatu kama ulivyosema, safu za mwisho nimezikata:

```
Route Source    Networks    Subnets
ospf 1          0           23
ospf 1          0           20
ospf 1          0           23
```

Na majirani:

```
Neighbor ID     Pri   State       Dead Time   Address       Interface
10.255.255.1      1   FULL/BDR    00:00:36    10.255.0.2    Vlan101
10.255.255.2      1   FULL/BDR    00:00:33    10.255.0.6    Vlan102
10.255.255.3      1   FULL/BDR    00:00:38    10.255.0.10   Vlan103
10.255.255.4      1   FULL/BDR    00:00:31    10.255.0.14   Vlan104
10.255.255.5      1   FULL/BDR    00:00:35    10.255.0.18   Vlan105
10.255.255.3      1   FULL/BDR    00:00:34    10.255.0.22   Vlan106
```

#12 BintiWaRaki

Samahani, mimi ni mwanafunzi, lakini 10.255.255.3 imejitokeza mara mbili. Vlan103 na Vlan106. Hiyo ni sawa?

#13 FundiKonsoli

Dada, umelipata. Haiko sawa hata kidogo, na ndilo tatizo lenyewe.

Mdau, ingia kwenye swichi ya tawi la tatu na ya tawi la sita, andika `show ip protocols` kote kuwili, soma mstari wa Router ID. Nina uhakika zote mbili zitasema 10.255.255.3. Nadhani mlipoandaa tawi la sita mlinakili mipangilio ya tawi la tatu, mkabadilisha anwani za VLAN, mstari wa router-id ukabaki.

Kinachotokea ni hiki. Kila swichi ya OSPF huandika waraka wa kujieleza, "mimi ni fulani, nimeunganishwa na hiki na kile", na waraka huo husambazwa eneo zima ukiwa na jina la mwandishi na nambari ya toleo. Swichi kuu inapata waraka wa "10.255.255.3" kutoka tawi la tatu, inaamini, inaweka njia za tawi la tatu. Waraka huo unafika tawi la sita. Tawi la sita linaona waraka wenye jina lake ambao halikuuandika, linaandika wake kwa toleo la juu zaidi na kuutuma. Swichi kuu inafuta ya kwanza, inaweka ya pili. Tawi la tatu nalo linaona, linajibu kwa toleo jipya zaidi. Wanashindana hivyo mchana na usiku. Ndiyo maana hesabu yako inacheza 23, 20, 23, na ndiyo maana ujirani uko FULL wakati wote: salamu kwenye kila waya ni nzima, swichi kuu inadhani ina waya mbili kwenda kwa mtu yuleyule.

Kama ungependa ushahidi zaidi, `show ip ospf` kwenye swichi kuu ina mstari unaohesabu mara ambazo hesabu ya njia fupi imeendeshwa. Kwenye mtandao uliotulia nambari hiyo hukaa palepale. Kwako utaikuta inapanda ukiwa unaitazama.

Dawa: kwenye tawi la sita, ndani ya `router ospf 1`, weka `router-id 10.255.255.6`, kisha `clear ip ospf process` ujibu yes. Bila hiyo ya pili kitambulisho kipya hakitaanza kutumika. Ujirani wa tawi hilo utakatika kwa muda mfupi, kwa hiyo ifanye watu wakiwa wametoka. Na kama unaingia kwa mbali, hakikisha una njia nyingine ya kuifikia swichi hiyo isiyotegemea OSPF.

#14 Kisauni

Kweli kabisa. Na kama swichi hizo mbili zingekuwa zimepakana kwenye waya mmoja, ujirani usingesimama kabisa na logi ingepiga kelele kwamba Router ID zimegongana. Hizi zimetenganishwa na swichi kuu, ndiyo maana mambo yamekuwa ya kuvizia. Mdau pitia logi za tawi la tatu na la sita, huenda swichi zimekuwa zikilalamika wiki nzima.

#15 Mdau_Tabora

Wakuu, Mungu awabariki. Nimetazama, zote mbili zinasema Router ID 10.255.255.3. Nilinakili mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nasubiri saa kumi na mbili jioni watu watoke, nitaleta mrejesho.

#16 FundiKonsoli

Kabla hujagusa, chukua muhtasari wa sasa kama ulivyo, na ukimaliza chukua mwingine. `terminal length 0`, washa kumbukumbu ya kikao kwenye PuTTY (programu ya kuingilia kwenye swichi), kisha `show ip protocols`, `show ip route summary`, `show ip ospf neighbor`, `show ip ospf interface brief`. Ukipenda ubaki ndani ya swichi, `show ip route summary | redirect flash:njia.txt` inatosha.

Ule wa baadaye, wa mtandao ukiwa mzima, andika tarehe na uuhifadhi mahali wenzako wanapafahamu. Sisi siku ile ya jengo la ofisi tungekuwa na muhtasari wa swichi ya zamani tungejua inatakiwa iwe na jirani mmoja na njia 31. Hatukuwa nao, kwa hiyo tupu ilipokuja mbele ya macho yetu hatukuitambua kuwa ni tupu.

#17 Mdau_Tabora

Mrejesho. Saa 12:20 jioni nimebadilisha router-id ya tawi la sita na kusafisha mchakato. Ujirani umerudi chini ya dakika moja. Majirani sita, vitambulisho sita tofauti. Hesabu ya OSPF ni 26, nimeirudia kila baada ya dakika tano kwa saa nzima, 26 haijasogea. Mtandao wa tawi la tatu haujapotea tena.

Logi za tawi la sita zilikuwa zimejaa onyo la kitambulisho kugongana tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyezifungua.

#18 BintiWaRaki

Hongera mkuu! Swali dogo: kwa nini 26, wakati ilikuwa inacheza 23 na 20?

#19 Mdau_Tabora

Dada, tawi la tatu lina mitandao sita, la sita lina mitandao mitatu, na manne mengine kwa pamoja yana 17. Ulipokuwa unashinda waraka wa tawi la tatu tulikuwa na 23, ukishinda wa tawi la sita tunabaki na 20. Sasa ndiyo mara ya kwanza zote zimeonekana kwa pamoja. Nimeiandika 26 kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la swichi kuu, pamoja na tarehe.